Wale tembo wa ng'ambo ya mto

Mbeya, Julai

Ndugu yangu mpendwa,

Kamwene! Huku hatujambo, ila baridi imetukamata, makoti hayavuliwi hata mchana. Mama anakusalimu sana.

Picha zako za Hifadhi ya Ruaha nimezipata na kuzitazama moja moja. Tembo wa karibu na gari wametoka safi mno, mikunjo ya mkonga yote inaonekana. Wale wa ng'ambo ya mto ndio wenye ukungu. Umeniambia ulizungusha pete ya fokasi, ile ya kulenga ukali wa picha, mpaka ikagota, kwa kuwa walikuwa mbali. Tatizo liko hapo. Lenzi nyingi za otofokasi, yaani zinazojilenga zenyewe, hupita kidogo ile alama ya nane iliyolala, inayomaanisha mbali kabisa. Watengenezaji wameacha nafasi hiyo makusudi, maana joto na baridi huisogeza fokasi, na mota nayo inahitaji pa kwenda na kurudi. Ukigotesha, umeshapitiliza hata milima.

Halafu "mbali" yenyewe inategemea lenzi. Ya milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35), ukiweka tundu la lenzi f/8 na kulenga kitu kilicho mita 2.5 hivi, kila kitu hadi upeo wa macho kinatoka vizuri. Ya milimita 300 kwa f/8 hiyohiyo, hesabu inadai ulenge mita kama 375! Kwa hiyo tembo wa mita 200 kwa lenzi yako mpya ya milimita 300 bado ni wa karibu, lazima umlenge yeye mwenyewe.

Jizoeze kwa mkono kwanza. Mimi huutumia Mlima Loleza, kwa ajili ya ile minara ya kileleni. Naweka kamera kwenye tripodi, nawasha skrini ya nyuma na kukuza mara 10, kisha nazungusha pete polepole. Mnara huanza kama doa nene la kijivu, unakonda, mara vyuma vyake vinaachana kimoja kimoja. Napita kidogo hadi vianze kufifia tena, ndipo narudi pale vilipokuwa vikali. Ukitumia otofokasi, usiielekeze kwenye ukungu wala anga tupu, itahangaika tu. Weka nukta ya fokasi pale mlima unapokutana na anga.

Na mchana wa Ruaha usikuumize kichwa. Jua likishachoma ardhi, hewa inacheza, na hakuna lenzi ya kutibu hilo. Piga alfajiri.

Mvua zikianza, njoo twende Hifadhi ya Kitulo. Kuanzia Desemba maua yanakuwa yamefunika uwanda mzima, na natamani sana tumpate tandawala, yule ndege mkubwa wa nyikani, akitembea humo. Kwake utatumia nukta moja tu ya fokasi, la sivyo kamera itashika majani ya mbele. Niambie mapema tarehe, nije kukupokea stendi ya Nane Nane. Njoo na koti zito na betri ya akiba, baridi ya kule inazimaliza upesi.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Rafiki yako wa Mbeya