Barua kwa mpwa wangu: msitu ulio ndani ya mantiki

Mpwa wangu,

Umeandika kwenye kikundi cha ukoo kwamba mantiki isiyoishia kwenye kweli na uongo ni kubahatisha tu. Wajomba zako wakacheka. Mimi nakujibu hapa hadharani, maana wenye mawazo kama yako ni wengi.

Chukua mantiki iliyochipuka kwenye andiko fupi la mwanamantiki Kurt Gödel la mwaka 1932, ambayo mwanafalsafa Michael Dummett aliipangia kanuni zake mwaka 1959. Humo kila sentensi hupewa thamani kuanzia 0 hadi 1. "Na" huchukua thamani iliyo ndogo, "au" huchukua kubwa. "Ikiwa A basi B" hupata 1 endapo A haiizidi B. Ikiizidi, hupata thamani ya B. "Si" haina simile: penye 0 hutoa 1, kwingine kote hutoa 0, hata kama ukweli uliobaki ni chembe.

Sasa shika kalamu. Tuna herufi moja tu, x. Chora nukta iliyo peke yake: huo ni mti wa kwanza, x ikiwa 0. Pembeni chora mti wenye nukta mbili: shina ni x ikiwa 1, kilele ni x ikiwa kati ya 0 na 1. Msitu umekamilika. Sheria ya kuchagua nukta ni hii: ukichukua kilele, uchukue na shina lake. Mti wa kwanza una njia 2, wa pili 3, ukizidisha unapata 6. Na sentensi zote unazoweza kuziunda kwa x, hata ziwe ndefu vipi, hurudi kwenye hizo 6.

x yenyewe ni shina. "Si x" ni nukta ya pekee. "Si si x" ni mti wa pili mzima. Unganisha x na "si x": kilele kimebaki nje! Hapo ndipo "x au si x" inapokosa kuwa kweli kamili, na unaweza kupagusa kwa kidole.

Kila aljebra ya mantiki hii yenye ukomo, yaani mkusanyiko wa thamani unaotii kanuni zake, ina msitu wake, na kila msitu wenye ukomo una aljebra yake. Kinachozuia matawi yasikutane tena huko juu ni kanuni moja: ama A inaleta B, ama B inaleta A. Iondoe, unabaki na mantiki ambayo sentensi zenye maana tofauti za herufi moja tu hazina mwisho.

Kwa herufi mbili miti ni minne, na njia zake ukizizidisha ni 2 × 3 × 3 × 19, yaani sentensi 342 tofauti; mantiki ya kawaida ya kweli na uongo ina 16. Ule mti wenye njia 19 uchore mwenyewe. Una nukta sita, shina moja, matawi matatu. Ukipata 18, umesahau kwamba kutochukua nukta yoyote nako ni kuchagua.

Mjomba wako