Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Kilwa Katika Vitabu vya Karne ya 16

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, wajumbe wa bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya Klabu ya Historia, tunakukaribisha Kilwa Masoko na kukushukuru kwa kukubali kutufungulia kona ya vitabu vya historia katika maktaba ya shule. Kazi yetu ya kila mwaka ni kuwatembeza wenzetu kwenye magofu ya mji wa kale wa Kilwa, kisiwani Kilwa Kisiwani. Safari hii tulijiuliza swali jingine: walioiona Kilwa ikiwa hai waliandika nini, na maandishi yao yako wapi leo?

Mgeni Rasmi, mengi yako Ulaya, kwenye maktaba zinazotunza vitabu adimu. Kilichotugusa kuliko vyote kiko Munich, Ujerumani, katika Maktaba ya Jimbo la Bavaria iliyoanzishwa mwaka 1558. Ni kitabu cha maandishi ya mkono kijulikanacho kama Kodeksi ya Valentim Fernandes. Fernandes alikuwa mpiga chapa mjini Lisbon. Alikusanya habari za safari za Wareno, zikamfikia Konrad Peutinger wa Augsburg, msomi aliyependa vitabu na aliyekuwa na maktaba kubwa nyumbani kwake. Humo ndimo ilimo Kilwa ya Julai 1505, kama ilivyosimuliwa na Hans Mayr, Mjerumani aliyekuja na msafara wa Francisco de Almeida, kamanda wa Wareno.

Mayr anazitaja nyumba imara za mawe na chokaa, za ghorofa kadhaa, zilizopigwa lipu na kutiwa nakshi. Anataja machungwa matamu, malimau, mboga na vitunguu vidogo, katika bustani zilizomwagiliwa maji ya visima. Hata mizinga ya nyuki hakuiacha: imetundikwa mitini, midomo imezibwa kwa majani ya mnazi yaliyosukwa, na pameachwa vitundu vya nyuki kupita. Tuliposoma sehemu hiyo, Kisiwani palibadilika machoni petu. Pale tunapopita tukihesabu kuta zilizobomoka, kuna mtu alikuwa akimwagilia vitunguu.

Kalamu hiyo hiyo inaeleza jinsi askari wa Almeida walivyoingia mjini na kupora bidhaa na vyakula. Tunasisitiza hili, Mgeni Rasmi, kwa sababu sifa za mji na habari za kuporwa kwake zimo katika simulizi moja, na si haki kumsomesha mwanafunzi upande mmoja akakosa wa pili.

Cha pili ni kitabu cha chapa. Mwaka 1552, João de Barros alichapisha Lisbon sehemu ya kwanza ya historia yake ya Wareno katika nchi za mashariki, na ndani yake akatia muhtasari wa tarehe, yaani historia iliyoandikwa, ya masultani wa Kilwa. Barros hakuwahi kufika pwani yetu. Tarehe hiyo ilitungwa na watu wa Kilwa wenyewe. Yeye aliipata ikiwa imekwisha kuandikwa. Nakala ya Kiarabu ya habari za masultani hao iko London, katika Maktaba ya Uingereza, nayo ilinakiliwa Zanzibar mwaka 1877 kwa ajili ya John Kirk, mwakilishi wa Uingereza huko Zanzibar. Kwa hiyo mtu akisema Kilwa haikuwa na waandishi, tunaomba aanzie hapo.

Mgeni Rasmi, tatizo letu ni lugha. Maelezo ya Mayr tunayasoma kwa tafsiri ya Kiingereza, na wadogo zetu wa kidato cha kwanza wanakwama aya ya kwanza tu. Tunaomba utusaidie kumpata mtaalamu wa kuyatafsiri kwa Kiswahili, na pia kuziandikia maktaba za Munich na London barua rasmi ya kuomba picha za kurasa zinazoihusu Kilwa. Barua ya wanafunzi peke yao inaweza kukaa muda mrefu bila jibu. Yenye saini yako itakuwa na uzito zaidi. Picha zikipatikana, tutazibandika kwenye kona hii, na nakala moja tutaivusha Kisiwani kwa wanafunzi wa shule ya msingi, maana mji unaosimuliwa ni wa kwao.

Tunaomba kuwasilisha.