Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Chumvi Mashambani na Majivu ya Pumba

Ndugu wanachama,

Mahesabu na ada atasoma mhazini. Mimi nabaki kwenye chumvi, maana wenye mashamba ya mpunga Ruvu chini na delta ya Rufiji wanaililia.

Mpunga huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikizidi desisiemeni 3 kwa mita (kipimo cha chumvi), na kila desisiemeni inayoongezeka huondoa takriban asilimia 12. Huumia zaidi ukiwa mche mchanga, kisha tena kuanzia kubeba mimba hadi kuchanua, na hapo ndipo mapepe, yaani punje tupu, yanapozaliwa.

Silika, madini ambayo mpunga hufyonza udongoni na kubaki kwenye pumba na mabua, haiondoi chumvi shambani, ila husaidia mpunga kuihimili. Hujijenga kwenye kuta za mzizi na kuziba mianya ambamo sodiamu hupenya na maji bila kuchujwa. Kwenye jani hupunguza maji yanayopotea. Kwa hiyo lazima imtangulie adui. Ncha za majani zikishaungua, umechelewa.

Tani moja ya mpunga hutoa takriban kilo 200 za pumba za mashineni, zile ngumu, nazo zikichomwa hubaki kama kilo 40 za majivu, sehemu kubwa silika. Ekari iliyotoa tani mbili inakupa kilo 80. Hizo hazitoshi shamba, lakini zinatosha kitalu cha mita za mraba 80: kilo moja kila mita, ichanganywe na udongo wa juu kabla ya kumwaga mbegu. Shambani tegemeeni mabua. Anayeyauza yote kwa wafugaji anauza silika yake.

Uchomaji ndio unaoharibu wengi. Chomeka bomba la bati lenye matundu katikati ya lundo, moto uwe chini ya bomba, geuza pumba kila zinapokuwa nyeusi, kisha zima kwa maji. Majivu meusi au ya kijivu ni mazuri. Yakiwa meupe au ya pinki, huenda moto ulizidi, silika ikawa fuwele isiyoyeyuka kirahisi. Msichanganye majivu na urea: ni ya alkali, naitrojeni itapotea hewani. Na udongo wenye pH zaidi ya 8.5 unahitaji jasi kwanza, si majivu.

Kabla ya kupandikiza, jazeni jaruba maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, vurugeni tope, toeni maji. Rudieni mara mbili au tatu. Mche uwe wa siku 25 hadi 30. Ule wa siku 12 wa kilimo shadidi, kile cha kupandikiza miche michanga, hauvumilii chumvi. Mbegu za SATO 1 na SATO 9 zinavumilia kuliko SARO 5, ila nazo zina mwisho.

Wengi wenu mko Dar es Salaam na mnalima kwa simu. Basi mwambieni msimamizi apime maji ya mfereji wakati wa maji ya bahari kujaa, si asubuhi tu. Ajenda ya nne ni kununua kipima chumvi cha pamoja. Kamati inapendekeza kipatikane kabla ya masika.