Ya Ghaibu Yaacheni Ghaibuni
Barua ya wazi kwa vijana wanaotengeneza filamu Mtwara

Wajukuu zangu,

Asalaam alaykum. Na nyie mliokulia kanisani, Bwana Yesu asifiwe. Kikundi chenu kina wa huku na wa kule, na hilo lilinifurahisha tangu Jumamosi ile mliponialika, mkanipa kiti cha mbele, mkatundika shuka kati ya minazi miwili na kutuonyesha filamu yenu. Usiku ule sikusema neno. Mlikuwa mmechoka, na mama zenu walikuwa wanapiga vigelegele. Nimekaa nayo siku tisa, sasa nasema. Naandika hadharani kwa sababu wanaopiga filamu kwa simu huku kwetu si nyie peke yenu. Wapo Lindi, wapo Masasi, wapo Newala, na jambo ninalotaka kulisema nimeliona kwa wengi.

Nianze na ile sini ya mama anayebangua korosho. Amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, moshi wa korosho zilizochomwa bado unapanda. Mkononi ana kirungu, mbele yake jiwe, pembeni majivu kwenye kifuu. Anachovya vidole kwenye majivu, anaweka korosho juu ya jiwe, anagonga mara moja, ganda linapasuka na kiini kinatoka kizima. Kamera ikashuka mpaka kwenye vidole. Vimebabuliwa na mafuta ya ganda, ngozi ya nchani imekuwa nyeusi na kukakamaa kama gome. Mwanawe yuko ndani anaumwa. Sisi tunajua, yeye anajua, na mkono hausimami. Nilisahau kuwa natazama shuka. Nikasema "Ya Rabbi" kwa sauti, hadi jirani yangu akanigeukia.

Sini ile ni ya sekunde nne. Nilimwomba mmoja wenu anirudishie kwenye simu, nikahesabu. Nne tu, halafu mkatuletea mhubiri.

Mhubiri alisema dakika tisa. Mtoto akawekewa mikono, ukatokea mwanga, akashuka malaika mwenye mabawa mliyemtengeneza kwenye laptopu, kinanda kikapanda juu kutuamuru tulie, mtoto akainuka. Mwisho maandishi: Mungu anaweza. Nami naamini Mungu anaweza, wajukuu zangu. Nimeamini hivyo maisha yangu yote. Lakini katika dakika zile tisa sikumkumbuka hata mara moja. Nilikuwa namkumbuka kwenye korosho.

Na kuna jambo ambalo nyie hamkuliona, kwa kuwa mlikuwa nyuma mnahangaika na projekta. Safu ya pili alikaa mama aliyezika mtoto. Alisali kama yule mama wa kwenye filamu, alifunga, aliombewa, na mtoto akaenda. Malaika wenu aliposhuka, yule mama alikusanya kanga yake akaondoka taratibu, bila kumsumbua mtu. Filamu yenu ilimwambia nini? Ilimwambia kuwa hakusali vya kutosha. Najua hamkukusudia. Ndiyo maana naandika.

Mmekulia kwenye mabanda ya video, mkajifunza kuwa steringi hafi. Anapigwa, anafungwa, anatupwa mtoni, lakini dakika za mwisho lazima atokee amalize kazi. Hakuna ubaya, hata mimi nimeshangilia masteringi. Ila naona mmemchukua Mungu mkampa nafasi hiyohiyo: anatokea mwishoni, anapiga, anashinda, watu wanakwenda kulala. Mungu ninayemsujudia mimi hatokei mwishoni. Alikuwepo wakati korosho zinabanguliwa.

Niwape kisa cha kwetu. Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa mchongaji na mcheza lipiko. Wengine mmezaliwa mjini, kwa hiyo nieleze: lipiko ni kinyago cha kuvaa kichwa kizima, kinachochongwa kwa mti mwepesi, si mpingo. Kinabandikwa nywele za mtu za kweli, na chale za usoni zinatengenezwa kwa nta ya nyuki. Wanaume ndio wanaocheza. Sisi wanawake na watoto tuliambiwa yule si mtu, ni mzimu umerudi, na anapokuja mbio tunakimbia.

Nilikuwa na miaka kama saba, vijana wanatoka jandoni, ngoma zinalia, na lipiko likaingia uwanjani limefunikwa nguo mwili mzima. Nikaona mguu wa kushoto unaburuzwa kidogo. Mjomba alijikata na shoka zamani, mguu wake wa kushoto ulikuwa hivyohivyo. Nikafungua mdomo. Mama aliona kwamba nimeona, akanifinya paja, nikanyamaza. Lipiko likatugeukia, mama akapiga yowe akakimbia, na mimi nyuma yake. Jioni mjomba akaja, akanawa, akala ugali na sisi. Hakuna aliyesema kitu.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza mama kama walikuwa wanajua. Akasema wote walikuwa wanajua. Nikamuuliza, sasa mlikuwa mnakimbia nini? Akanitazama kama vile nimeuliza jambo la kitoto. "Mimi sikumkimbia kaka yangu," akasema.

Nimeshalifikiria jibu lile miaka mingi. Mjomba kwa kujifunika aliacha nafasi, na kwenye nafasi ile ndimo kilimoingia kitu ambacho mama alikikimbia kwa haki. Angelivua lile lipiko na kutueleza maana yake dakika tisa, tungemshukuru na kwenda zetu.

Sinema niliijulia kwenye gari la serikali lililopita vijijini miaka ya sitini. Mwendesha mashine alikuwa mtu mpole, alituruhusu tushike kipande cha mkanda uliokatika. Nilikiinua kwenye taa ya karabai: vipicha vidogo vya mraba, kimoja chini ya kingine, mtu yuleyule amenyanyua mguu, kidogo zaidi, kidogo zaidi. Akatuambia mashine inapitisha 24 kila sekunde, na baina ya picha na picha kuna kipande cha bati kinaziba taa ili mkanda usogee bila sisi kuuona unasogea. Kwa hiyo, akasema, karibu nusu ya muda wote mnaokaa mnatazama sinema, mmekaa gizani. Sisi watoto tulicheka, hatukuamini. Lakini ni kweli, mashine za mkanda ndivyo zilivyofanya kazi. Mwendo tuliouona haukuwa kwenye picha yoyote. Siku hizi projekta yenu haina mkanda wala kile kibati, lakini mnapokata sini na kuunganisha nyingine bado mnaacha mwanya, na mtazamaji anauziba mwenyewe. Huo mwanya msiuogope.

Filamu iliyonifundisha zaidi ni The Message, ile ya Moustapha Akkad ya mwaka 1976 juu ya kuanza kwa Uislamu. Tuliitazama kwa deki, usiku wa Ramadhani, chumba kimejaa, watoto wamelala miguuni petu. Akkad aliipiga mara mbili, mara na waigizaji wanaosema Kiingereza na mara na waigizaji wanaosema Kiarabu, na katika zote mbili Mtume hatokei. Huoni uso wake, husikii sauti yake. Watu wanakuja wanasimama mbele ya kamera, wanasema naye, wananyamaza wakimsikiliza, macho yao yanatutazama sisi. Mtoto mmoja akauliza, "Mtume yuko wapi?" Mzee mwenye nyumba akamjibu, "Si huyo wanayemtazama." Wajukuu zangu, mimi nilikaa vizuri. Nilivuta mtandio. Nilikuwa nimejiegemeza ukutani nikiwa nimenyoosha miguu, nikaikunja. Hakuna picha yoyote ya mtakatifu, hata ingekuwa nzuri vipi, iliyowahi kunikunjisha miguu.

Mtasema Akkad alilazimika, dini haimruhusu kumwonyesha. Sawa. Lakini wangapi wamelazimika wakatoa kitu kibovu? Yeye alilichukua katazo akalifanya mlango.

Msidhani nataka filamu kavu zisizo na machozi. Nimelia kwenye sinema za Kihindi tangu msichana. Mother India ya 1957 tuliitazama bila kuelewa neno, akina mama wa nyuma wakitafsiri kwa kubahatisha, na Radha alipompiga risasi mwanawe wa kuzaa kwa kuwa alimteka binti wa watu, ukumbi mzima ulipiga kelele. Halafu akamkumbatia. Hakuna padri, hakuna shehe, hakuna aliyekuja kutueleza kama alifanya vyema. Mwisho maji ya mfereji yanakuja mekundu. Bibi yangu mkubwa alitoka pale akasema maneno mawili tu njia nzima: "Uzazi, uzazi." Hilo ndilo hubiri lililomwingia.

Mnapoona lazima mhubiri aje aeleze, mnaturithisha dharau ya zamani. Mwaka 1935 Waingereza waliweka kambi Vugiri, kule Tanga, wakatengeneza filamu za kutufunza Waafrika mpaka 1937: lipa kodi, weka akiba posta, jihadhari na minyoo. Waliamini Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda haraka, wala hawezi kupata maana asipoambiwa, kwa hiyo kila kitu kilikwenda polepole na sauti ikieleza juu. Babu zenu ndio waliokuwa wakisoma kinyago cha lipiko bila mkalimani. Nyie ni wajukuu wao, na waliokaa mbele ya shuka lenu ni ndugu zao. Wanaelewa. Mama wa safu ya pili alielewa kupita nyie.

Sasa suala la haramu, maana najua baadhi yenu mmeambiwa hivyo nyumbani na linawasumbua. Mimi si shehe, mwenye kutaka hukumu aende kwa wanaojua. Msiwabeze wanaowakanya. Kuna hadithi inayojulikana, kwamba wachora sura Siku ya Kiyama wataambiwa wavipe uhai walivyoviumba, na hawataweza. Niliisikia chuoni nikiwa mdogo, nikaogopa, na mpaka leo naiogopa. Katika kuogopa kwangu imenifaa hivi: kila nikitazama filamu najiuliza kama aliyeitengeneza anajua kuwa hawezi kupuliza roho. Anayejua hujisogeza pembeni, akaacha uso wa mtu, ambao hakuuumba yeye, useme wenyewe. Asiyejua hutengeneza malaika kwenye laptopu. Wenzenu Wakristo nao wana lao la kujibu, ila hilo waulizane na mapadri wao kule Ndanda na wachungaji wao. Sitaingilia.

Basi ninachowaomba ni kidogo. Filamu hii bado hamjaituma kwenye tamasha la filamu Zanzibar, mlisema mna muda. Irudieni. Mhubiri mwacheni apite, aje amsalimie mgonjwa kama wahubiri wanavyofanya kweli, akae kitako, ashindwe cha kusema, anywe maji, aondoke. Malaika mtoeni. Sijui kama mtoto apone au asipone, hilo ni lenu, ila atakayeamua awe amekaa kwanza na yule mama wa safu ya pili, amsikilize, asichukue simu mfukoni.

Na mama wa korosho mpeni muda wake. Abangue mpaka moshi uishe. Tuone akigonga, akikosea moja, kiini kikavunjika, akakiweka kando kwenye sahani ya vilivyovunjika, ile ambayo mnunuzi huipa bei ndogo. Tumsikie mtoto akikohoa ndani. Kamera isiingie.

Mlisema mlikatisha pale kwa sababu korosho mlizonunua ziliisha. Mimi nina nusu gunia la msimu uliopita, halijaguswa. Njooni Alhamisi baada ya alasiri, uani kwangu kuna mwanga mzuri mpaka karibu na magharibi. Jiwe lipo. Majivu nitayaweka.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu,
Mikindani