Safu mbili za jedwali lenu ni safu moja

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vyuo vya nje imenifikia mara tatu wiki hii. Kwanza aliileta shemeji yangu, gazeti likiwa limekunjwa mara nne. Kisha jirani akaipiga picha na kunirushia kwenye simu. Mwisho akaja nayo binti wa dada yangu, nchi mbili amezipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Wote wananiuliza mimi kwa sababu nimesoma nje, basi naona afadhali nijibu mara moja, hapa hapa maswali yalikotoka.

Jedwali lenu linapendeza machoni. Safu moja mmeiandika "Usalama", inayofuata "Gharama za maisha", na kila nchi mmeigawia nyota, moja hadi tano. Ujerumani imepata nne kwa usalama na tatu kwa gharama. Mimi niliishi huko miaka miwili na nusu nikisomea shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji, na sikumbuki siku ambayo mambo hayo mawili yalikwenda kila moja njia yake. Mwanafunzi mgeni hununua usalama wake kwa kodi ya chumba. Akipunguza huku, anapungukiwa kule.

Nilifika mji wa München (Munich) Septemba 2023. Mwaka ule, njia ya kawaida ya kuonyesha ubalozini kwamba una fedha za kujikimu ilikuwa kuweka euro 11,208 kwenye akaunti maalumu ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto, yaani akaunti iliyofungwa. Fedha ni zako lakini hutoka kwa kipimo: euro 934 kila mwezi, uwe na shida usiwe nayo. Tangu Septemba 2024 kiwango kimepanda hadi euro 11,904, sawa na 992 kwa mwezi. Kuzipata zile za kwetu ukoo mzima ulijikamua, na wakala aliyetujazia fomu akamwambia mama yangu kwamba zikishaingia, kazi imekwisha. "Mtoto ana mwaka mzima wa kula na kulala." Mama akamwongezea kidogo kwa furaha.

Tusichoambiwa ni kwamba mwenye nyumba anataka fedha yake siku ya kwanza. Sheria ya huko inamruhusu kudai amana ya hadi kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za maji na joto. Kwa chumba cha euro 700, amana peke yake inaweza kufika 2,100, na kodi ya mwezi wa kwanza iko juu yake. Bomba langu linatoa 934. Nilikuwa na fedha za mwaka mzima benki na sikuweza kupanga chumba. Sheria hiyo hiyo inampa mpangaji haki ya kulipa amana kwa mafungu matatu, lakini hilo nililisikia baadaye sana kwa mwanafunzi mwenzangu kwenye foleni. Na hata ningelijua mapema, watu arobaini mmesimama ngazini mnasubiri kukitazama chumba kimoja. Nani atamchagua yule anayeanza kwa kuomba mafungu? Mabweni ya wanafunzi ni nafuu kweli, ila katika mji kama ule kuyasubiri huchukua mihula kadhaa.

Nikachukua chumba cha tangazo. Euro 380, hakuna amana, hakuna mkataba, na sharti moja: nisijiandikishe pale. Sikulielewa sharti hilo wakati ule, na kwa kweli nililifurahia kwa sababu lilikuwa la bure. Kumbe Ujerumani kila anayehamia makazi mapya anatakiwa kujiandikisha katika ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, akiwa na hati ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba anaishi hapo. Bila hati hiyo, kibali cha ukaazi kinakwama. Nilipokwenda kufungua akaunti ya kawaida ili zile 934 zipate pa kushukia, benki mbili zilinidai hati ya kuandikishwa, ya tatu ndiyo ikanikubali kwa pasipoti.

Chumba chenyewe kilikuwa mbali kupita mwisho wa treni ya mjini. Ukishuka unatembea dakika ishirini na tano, sehemu kubwa kandokando ya shamba, barabara haina taa wala njia ya miguu. Septemba haikunisumbua, maana jua linazama saa moja jioni na zaidi. Desemba linazama saa kumi na dakika ishirini. Chumbani kulikuwa na baridi kwa sababu kidhibiti cha joto kilikuwa upande wa mwenye nyumba, hivyo nilikuwa nakaa maktaba ya chuo mpaka saa nne usiku, nasoma na kuota joto la bure.

Siku chache baada ya theluji ile kubwa ya tarehe 2 Desemba, iliyoufunga hata uwanja wa ndege wa München, nilishuka treni yapata saa tano na nusu usiku. Nikiwa katikati ya shamba gari likaja nyuma yangu na kupunguza mwendo. Halikunipita. Lilitembea kwa mwendo wangu, taa zake zikakirefusha kivuli changu juu ya theluji mpaka kikagusa uzio wa mbele. Nilikuwa na simu mkononi, chaji asilimia kumi na moja. Namba ya polisi naijua, 110. Nikaibonyeza, nikasimamisha kidole kabla ya kupiga, kwa sababu mambo mawili yalinijia kwa pamoja: sijui barabara ile inaitwaje, na nikiulizwa naishi wapi, sina mahali ninapoishi. Kwa mujibu wa ofisi ya mji, mimi sikuwapo.

Gari likaongeza mwendo likaenda zake. Labda dereva aliogopa utelezi tu, au alikuwa anatafuta nyumba. Lakini ningeomba yeyote anayegawa nyota anieleze usiku ule unaingia safu ipi. Polisi wa Ujerumani hawakuwa na kosa, wala barabara ile haina sifa ya uhalifu. Nilikuwa pale, saa ile, nikiogopa kupiga simu, kwa sababu ya tofauti ya euro mia tatu na ishirini kati ya chumba cha 700 na changu cha 380.

Sasa mlinganishe na rafiki yangu tuliyesafiri ndege moja. Yeye alikwenda Magdeburg. Nchi ni ile ile, kiasi cha viza ni kile kile, ila alipata bweni kabla hajafika, akawa anatembea dakika sita kwenda maabara, na kila mwezi alibakiza kitu. Mimi nilikuwa nimechagua jina la mji. Jedwali linalohesabu nchi lingetupa sote wawili nyota zile zile.

Uingereza angalau inakubali kwamba mji ni hoja: walioomba viza kuanzia Januari 2025 walitakiwa kuonyesha pauni 1,483 kwa mwezi kama wanakwenda London na 1,136 kama ni nje yake, kwa hadi miezi tisa. Nyingi ya nchi nyingine hutoa tarakimu moja kwa nchi nzima, na wazazi huisoma kama bei ya maisha. Si bei. Ni kima cha chini cha kukufungulia mlango, na kinaweza kuachwa nyuma na maisha kwa miaka mingi. Mfano ni Kanada, ambako kwa muda mrefu mwanafunzi mmoja alitakiwa kuonyesha dola zao 10,000 kwa mwaka mbali na ada na nauli. Januari 2024 ikaruka hadi 20,635. Haiwezekani mkate na kodi vilipanda mara mbili usiku wa mwaka mpya. Ni tarakimu ndiyo iliyokuwa imelala. Aliyekwenda mwaka mmoja kabla akiwa na elfu kumi kamili mkononi alikuwa ametimiza masharti yote, na hakuwa na nusu ya alichohitaji.

Wakala hukujibu haraka kwamba mtoto atafanya kazi. Atafanya, ndiyo, lakini kwa mipaka. Uingereza ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo kwa wengi wa shahada. Marekani mwaka wa kwanza huruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo. Na kazi anazozipata mgeni asiyeijua lugha vizuri ni za usiku na za alfajiri, saa ambazo mabasi hayapo. Kwa hiyo pengo la fedha linazibwa kwa kutembea gizani. Nitarudi kwenye mabasi.

Bima ya afya nayo haikutajwa popote kwenye makala yenu. Uingereza hutoza pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na hulipwa ya miaka yote ya viza kwa mkupuo wakati wa kuomba. Ujerumani kuna bima ya umma yenye bei ya mwanafunzi, ila ukitimiza miaka 30 bei hiyo inakuacha. Mimi nilitimiza nikiwa muhula wa tatu. Barua ya bima ilifika kabla ya salamu za nyumbani, na malipo yakawa karibu mara mbili. Anayekwenda na miaka 28 kusomea shahada ya miaka miwili aihesabu hiyo tangu sasa.

Kuhusu usalama wa vyuo vyenyewe, habari zipo, ila zisomwe kwa jicho kali. Marekani kuna sheria ya Clery ya mwaka 1990, inayovitaka vyuo vinavyopokea misaada ya fedha ya serikali kuu kuchapisha ripoti ya uhalifu kila mwaka, ifikapo tarehe 1 Oktoba, ikiwa na takwimu za miaka mitatu. Ipo kwenye tovuti ya kila chuo na ni bure. Lakini ripoti hiyo huhesabu yaliyotokea ndani ya eneo la chuo, majengo yake na barabara zinazopakana nacho. Chumba utakachopanga mitaa minne mbele hakimo. Chuo kinaweza kuwa na ripoti safi huku wanafunzi wake wengi wageni wakilala nje ya mipaka yake.

Kisha kuna usalama ambao hakuna ripoti inayoutabiri. Kabla ya tarehe 24 Februari 2022, makumi ya maelfu ya vijana kutoka nje walikuwa Ukraine, wengi wakisomea udaktari kwa ada ambayo kwingine wasingeiweza. Mamia ya waliokuwa Sumy, mji wa huko huko Ukraine, walikwama chini ya mashambulizi na baridi mpaka njia ilipofunguliwa tarehe 8 Machi. Siwalaumu waliochagua pale, hata mimi niliwahi kuifikiria. Ninachosema ni kwamba nauli ya kurudi ni sehemu ya gharama za maisha, na ikae mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuichukua usiku huo huo, si kwenye akaunti inayotoa kwa kipimo.

Na tafadhali chapisheni onyo moja kwa herufi kubwa: asitume mtu fedha za chumba ambacho yeye au mtu anayemwamini hajaingia. Yule mwenye nyumba aliye "kikazi nchi nyingine" na atakayetuma funguo kwa posta, nilimwandikia mara mbili kabla sijashtuka. Picha zake zilikuwa nzuri mno, zulia na maua mezani.

Mimi niliokoka Januari, viza ya kuingilia ikikaribia kuisha. Bibi mmoja mjane alinipangisha chumba cha euro 590, akakubali amana kwa mafungu matatu, na siku ya kuhamia alinipa hati ya kujiandikisha ikiwa tayari ameitia saini. Nilipotoka ofisi ya mji na karatasi yangu niliisoma anwani kwa sauti mpaka nikaikariri. Treni ilikuwa dakika nne, taa njia nzima.

Kwa toleo lenu la mwaka ujao ningeomba nyota zipumzike. Waulizeni wanafunzi walioko huko sasa, mji kwa mji: ulilala wapi usiku wa kwanza, ulitakiwa kutoa kiasi gani kabla ya kupewa funguo, na basi la mwisho linaondoka saa ngapi. Majibu hayo yanaweza yasikae vizuri kwenye jedwali.

Binti wa dada yangu ana barua mbili za kukubaliwa. Jumapili nilimketisha akaviandikia vyama vya wanafunzi wa vyuo vyote viwili hayo maswali matatu. Kimoja kimeshamjibu, na kimeambatanisha picha ya ratiba iliyobandikwa kituoni: basi la mwisho saa sita na dakika kumi usiku, Jumapili saa nne. Kile cha pili, ambacho ndicho alichokipigia mstari mara mbili, mpaka naandika hakijajibu.

Mhandisi wa maji
(Jina na anwani nimemwachia mhariri)