Risala ya Kamati ya Takwimu za Wagonjwa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wadau wa Hospitali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uongozi wa hospitali, madaktari, wauguzi na wageni waalikwa,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mengi na kuja kujumuika nasi.

Kamati yetu iliundwa ili kumbukumbu za wagonjwa zisiishie makabatini, bali zimsaidie daktari kumhudumia kila mgonjwa kulingana na hali yake. Kwa muda mfupi tumepiga hatua kubwa: majalada ya kliniki ya kisukari yameingizwa kwenye kompyuta, na kila wiki tunatoa orodha ya wagonjwa ambao kipimo chao cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi 3, kimepanda, ili wauguzi wawapigie simu kabla hawajaletwa wakiwa mahututi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kinachotukwamisha ni kukosa mfumo mmoja wenye namba moja kwa kila mgonjwa. Maabara ina kompyuta yake, famasia ina yake, na wodi zinaandika kwenye karatasi. Kreatinini, yaani taka ya mwili inayopimwa kwenye damu, ikipanda, dalili kwamba figo zinadhoofika, jibu hubaki maabara huku mgonjwa akiendelea kuchomwa gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, kwa dozi ileile, ilhali dawa hiyo hutolewa mwilini na figo, na ikirundikana huweza kuziumiza zaidi na hata kudhuru usikivu. Programu ya uchambuzi ingemtahadharisha daktari papo hapo, lakini haiwezi kumtambua mtu mmoja aliyesajiliwa kwa majina yaliyoandikwa namna tatu.

Ombi hili si geni. Lilisomwa katika risala zilizotangulia, likapigiwa makofi, tukaahidiwa seva, yaani kompyuta kuu ya kuhifadhi kumbukumbu zote, nasi tukaandaa chumba na kukipaka rangi. Chumba hicho bado ni kitupu, na tunakuomba ukitembelee kabla hujaondoka.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba seva, mtandao wa kuunganisha idara, na mafunzo kwa watumishi wetu. Tunaomba pia programu yoyote ijaribiwe kwanza kwa takwimu za wagonjwa wetu, kwani mwaka 2019 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba programu iliyopima uhitaji wa mgonjwa kwa gharama za matibabu yake iliwapunja wagonjwa weusi.

Mwisho, tunaomba ahadi utakayoitoa leo iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao hiki pamoja na tarehe na ofisi itakayoitekeleza, ili tujue pa kufuatilia.

Tunaomba kuwasilisha.