Jina langu liko mgongoni mwa jezi ya kaka yangu

Shangazi, shikamoo.

Saa hizi ni saa kumi alfajiri na sijapata hata lepe la usingizi. Kaka alipiga simu jana saa nne usiku, na tangu hapo nimekaa tu kitandani namsikiliza Mama akikohoa chumba cha pili. Naomba usinione mwenye wivu. Najua kila nitakayemweleza atasema ni wivu, ndiyo maana mpaka leo sijamweleza mtu.

Kaka anacheza mpira Ulaya, beki wa kati, daraja la pili. Nchi siitaji. Aliondoka 2019 akiwa na miaka 23. Wewe mambo ya mpira wetu unayajua. Yule bwana aliyemtafutia timu alimwambia kwamba kwa umri huo, beki kutoka huku asiye na jina hakuna atakayemtazama, wanataka aliye mbichi. Na mbichi sana nako haiwezekani, kwa sababu chini ya miaka 18 FIFA hairuhusu mchezaji kuhamia nchi nyingine isipokuwa kwa sababu chache. Kwa hiyo karatasi zilitakiwa zimfikishe 18 na miezi tu.

Mimi ndiye niliyekuwa na 18 na miezi. Cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa kwenye sanduku la Mama, chini ya vitenge, ndani ya bahasha ya kaki. Nilikuwa bwenini najiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Hakuna aliyeniuliza. Niliporudi nikaambiwa kaka yako amepata safari, tumshukuru Mungu. Nikashukuru.

Januari 2020 ndipo nilipojua. Ulikuwa wakati ule wa kuzima laini za simu ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole. Nikachukua cheti changu sandukuni, nikaenda NIDA kuomba namba ya kitambulisho cha taifa. Yule mama wa dirishani akaandika, akaniangalia, akaandika tena. "Wewe si umeshasajiliwa?" Tarehe ileile, wazazi walewale, mtaa uleule. Sisi ni watu wa Kigoma, Shangazi, mpakani. Huku ukiwa na kasoro kwenye karatasi unapelekwa Uhamiaji uulizwe babu yako alizaliwa wapi. Nikamwambia kuna karatasi nimeisahau nyumbani. Nikatoka, na sijarudi hadi leo.

Kaka simchukii. Paa ninalolala chini yake ameliezeka yeye. Ada ya chuo, miaka 3 ya stashahada ya maabara, amelipa yeye. Mama alipofanyiwa upasuaji wa nyonga alilipa yeye, na kila mwisho wa mwezi hela inaingia. Nayasema haya mwenyewe ili usije ukaniambia sina shukrani.

Lakini ile picha, Shangazi.

Mwaka jana alisajiliwa timu mpya, waandishi wakaja nyumbani. Mama akatoa albamu. Kuna picha moja niko ndani ya beseni la bluu, nina jino moja, nimeshika kikombe cha bati. Pembeni unaonekana mguu wenye kandambili ya kijani. Ule mguu ni wa Kaka, yeye ndiye aliyekuwa ananiogesha. Mama akaweka kidole usoni mwangu akasema, "Huyu hapa, alikuwa anapenda maji huyu," akataja jina langu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la soda. Mwandishi akanigeukia, "Na wewe ni nani yake?" Mama akawahi kujibu: "Huyo ni ndugu yake tu."

Ndugu yake tu. Picha ikasambaa kwenye simu za watu, wakamsifu alivyokuwa mtoto mzuri.

Jina la baba ni letu sote, hilo nisingemdai. Ila mgongoni mwa jezi wameandika jina la kwanza, lile ambalo bibi alinipa mimi. Nikiangalia mechi zake kwenye simu nasikia watangazaji wa huko wanalivunjavunja, lakini ni lenyewe. Wanasema ni kijana mdogo mwenye utulivu wa mtu mzima. Lazima awe nao, ni mtu mzima. Mshambuliaji akianza kuzeeka kila mtu anaona, beki wa kati anajua pa kusimama, anaficha. Amepata mtoto wa kike kule, na kwenye cheti cha huyo mtoto aliyeandikwa baba ni mimi. Mke wake hajui.

Sasa hii simu ya jana. Timu inataka kumpa mkataba wa miaka 3. Wao wanajua wana beki wa miaka 24, watamkuza halafu watamuuza kabla mkataba haujaisha. Yeye ana 29 na goti la kushoto halimpi raha, kila baada ya mechi analala na barafu. Kocha mpya anapandisha mabeki mpaka karibu na katikati ya uwanja, ukipigwa mpira mrefu nyuma yao ni kukimbizana na vitoto vya miaka 19. Ameanza kuogopa. Anaogopa madaktari watamchimba, anaogopa kuna mtu wa huku atasema.

Akaniambia hivi: "Bwana mdogo, chukua za kwangu. Nenda kasajiliwe kwa jina langu, wa 1996. Halina doa. Tumalize hili jambo."

Yaani mimi niwe yeye. Vyeti vyangu vya NECTA je, na cha chuo? Anasema vitatafutiwa mtu. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, na nikamwona usoni kwamba alishaambiwa kabla yangu. Akasema, "Jina ni jina tu, mwanangu." Mama huyuhuyu aliyenisimulia jinsi bibi alivyokataa kula mpaka nipewe jina hilo.

Nilimtajia Kaka habari ya Silas, yule Mkongomani aliyekuwa akichezea Stuttgart ya Ujerumani. Mwaka 2021 alijitokeza akasema jina alilokuwa akilichezea silo, jina lake ni Katompa Mvumpa, na kwamba ana mwaka mmoja zaidi, wakala ndiye aliyembana. Klabu ikasimama naye. Wajerumani wakamfungia miezi 3 na faini ya euro 30,000, akarudi uwanjani kwa jina lake. Kaka akanijibu, "Yule ni mwaka mmoja, tena mfungaji mabao. Mimi ni miaka mitano, beki wa daraja la pili. Nani atasimama na mimi?" Nikanyamaza, sikuwa na jibu.

Sitaki afungiwe, naomba hilo ulielewe. Akifungiwa, dawa za Mama nani atanunua? Mimi nimemaliza chuo 2023 na mpaka leo nasaidia kwenye duka la mtu, kwa sababu ukiomba kazi serikalini namba ya NIDA, ukifungua akaunti benki namba ya NIDA. Lakini usiku kama huu nataka asimame mbele ya kamera aseme mwenyewe jina hili si langu, ni la mdogo wangu. Halafu nawaza yule mtoto wake, naona bora ninyamaze mpaka astaafu. Atastaafu lini? Kwa karatasi zile ana miaka 10 mbele yake.

Pengine ningeyabeba yote kama Mama asingesema vile mbele ya wageni. Angesema tu, "Huyu ni mwanangu mdogo." Jina asitaje, sawa. Ndugu yake tu, na sinia liko mkononi mwangu.

Kaka anataka jibu kabla ya Ijumaa. Nikubali kuwa yeye? Nikikataa, Mama nitamwambia kwa maneno gani ili asione namuua mwanawe? Na nikienda NIDA kusema ukweli, nitamfunga nani, yeye au Mama aliyetoa bahasha?

Ukinijibu, nijibu humuhumu kwenye ukurasa wako, tafadhali usinipigie. Laini ninayotumia imesajiliwa kwa jina la Mama, na simu huwa anashika yeye.